Kumbukumbu za Afya: Amana ya Mgonjwa au Mali ya Mwenye Kompyuta?

Katika nyumba nyingi za nchi hii, iwe ni Kalamba huko Makueni au Kisauni hapa Mombasa, kuna kijitabu ambacho mwanamke hukiweka pamoja na vitu vyake vya thamani. Nacho ni kile cha kliniki ya mama na mtoto. Ndani yake mna habari za mimba tangu ilipoanza kuangaliwa, uzani wa mama, damu yake ilivyopimwa, siku mtoto alipozaliwa na chanjo zote alizopigwa. Hukunjwa katika leso, kikatiwa sandukuni, na siku ya safari huingia mkobani kabla ya nguo.

Watu wazima nao wana chao. Mgonjwa aendaye dispensari ya mashambani mara nyingi huambiwa anunue daftari la shule, na humo ugonjwa wake na dawa zake zikaandikwa. Daftari hilo halina fahari yoyote. Jalada lake lina jedwali la kuzidisha, na kurasa zake huingia jasho na vumbi. Lakini lina sifa moja ambayo wataalamu wa leo wanaitafuta kwa mabilioni ya pesa: ni la mgonjwa mwenyewe. Yeye ndiye aliyelinunua, ndiye alibebaye, na ndiye aamuaye nani alifungue.

Sasa tunaambiwa kwamba zama za daftari zinakwisha. Habari zote za afya ya mtu, tangu kuzaliwa hadi kufa, zitatiwa katika kompyuta, na popote atakapougua, daktari atabonyeza na kuzisoma. Hili ni jambo la kheri, wala mwenye akili halipingi. Lakini kuna swali linalopitwa haraka mno katika hotuba na matangazo. Kumbukumbu hizo zikishatoka katika daftari la mgonjwa, zitakuwa za nani? Hoja ya makala haya ni kwamba wananchi watazipokea na kuzitumia pale tu watakapoona kuwa zimebaki kuwa zao. Wasipoona hivyo, watajiandikisha kwa kuwa wamelazimishwa, kisha watarudi kwenye madaftari yao.

Kalamba na Sisi

Pengine msomaji wa pwani atauliza: Kalamba ina nini nasi? Kalamba ni soko katika Kaunti ya Makueni, nchi ya Wakamba, si mbali na Wote ambao ndio makao makuu ya kaunti. Wengi wamelisikia jina lake kwa ajili ya kiwanda cha kaunti cha kusindika maembe kilichofunguliwa huko mwaka 2017. Lakini uhusiano wa pwani na Ukambani ni wa kale kuliko kiwanda. Katika karne ya 19, kabla reli haijawazwa, misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa. Reli nayo ilipopanda bara, mji mmoja wa upande huo ukapewa jina la Sultan Hamud, aliyekuwa Sultani wa Unguja wakati huo.

Leo mambo yamezidi kuingiliana. Vijana wa Makueni na Kitui wako bandarini, wako Changamwe na Mikindani, na wazazi wao wako kwao. Mzee wa Kalamba mwenye shinikizo la damu huja kukaa na mwanawe Mombasa miezi mitatu, akaishiwa na dawa, akapelekwa hospitali ambako hakuna amjuaye. Na sisi nasi tunapita kwao. Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, vituo ambavyo kila msafiri wa Nairobi avijua kwa chai na sambusa, vyote vimo Makueni. Basi likipata ajali njiani usiku wa manane, majeruhi wa Majengo au wa Lamu atafikishwa hospitali ya Makindu naye hana fahamu. Daktari hatajua kama ana sukari, wala hatajua dawa gani inamdhuru. Hapo ndipo faida ya kumbukumbu zinazosafiri zaidi ya mtu mwenyewe ionekanapo wazi.

Isitoshe, watu wa huko si wageni wa jambo hili. Mwaka 2016 serikali ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Jirani zao wa Kitui wakaanzisha wao mwaka 2018 kwa shilingi 1,000. Ili kuingia ilibidi familia iandikwe, na watu waliandikwa. Hakuna aliyehitaji kuwafanyia semina ya manufaa ya kuandikwa. Waliona kwamba mwenye kuandikwa akilazwa, haondoki na deni, na jirani asiyeandikwa anauza mbuzi. Hilo ndilo somo la kwanza: mtu hukubali kuandikwa anapoyaona malipo ya kuandikwa kwake siku ile ile.

Kujiandikisha Si Kutumia

Kisha ukaja mpango wa taifa zima. Oktoba 2023 sheria mpya za afya zilitiwa sahihi, mojawapo ikiwa Sheria ya Afya ya Kidijitali, na tarehe 1 Oktoba 2024 Halmashauri ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA, ikachukua nafasi ya ile bima ya zamani ya NHIF. Mwananchi wa Kalamba aliyekwisha kuandikwa na kaunti yake, na pengine na NHIF pia, akaambiwa aandikwe tena. Hesabu ya waliojiandikisha imepita milioni 20, na hesabu hiyo husomwa majukwaani kama kwamba ndiyo ushindi wenyewe.

Lakini kujiandikisha si kutumia. Mtu anaweza kuwa na namba na asijue namba hiyo inamwonyesha nini. Iko tovuti ya serikali iitwayo Afya Yangu, na jina lake ni zuri, kwa sababu linakiri kwamba afya ni ya mwenyewe. Basi na tuulize: kati ya hao mamilioni, ni wangapi waliokwisha kuifungua wakasoma daktari aliandika nini juu yao mara ya mwisho walipougua? Ni wangapi wajuao kwamba Katiba ya 2010, katika kifungu cha 35, inampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali na haki ya kutaka habari za uongo juu yake zisahihishwe? Mtu akiandikiwa kwa makosa kwamba ana ugonjwa asiokuwa nao, katika daftari atauona na kuuliza. Katika kompyuta asiyoifungua, kosa hilo litamfuata hadi kaburini.

Pia wapo wahudumu wa afya wa jamii, zaidi ya 100,000, waliozinduliwa Septemba 2023 wakapewa mikoba yenye vyombo vya kupimia shinikizo la damu na sukari, pamoja na simu. Kila mmoja ana nyumba zipatazo 100 za kuzitembelea. Huenda huyo ndiye mtu mwenye kazi kubwa kuliko wote katika mpango huu, maana yeye ndiye aingiaye ua wa watu. Lakini angalia jinsi kazi ilivyo. Mhudumu hufika, humpima bibi, huandika katika simu, kisha huenda zake. Habari zimo katika simu ya mhudumu na katika kompyuta za mbali. Bibi amebaki na nini? Amebaki na maneno tu: “Damu yako imepanda kidogo.” Mkulima wa Kalamba apelekaye maembe sokoni hakubali yapimwe bila kuiona mizani na kupewa risiti. Iweje damu yake ipimwe na risiti ikae kwa mpimaji?

Wakubwa Nao Walishindwa

Mtu asidhani kwamba tatizo hili ni la watu wa mashamba kwa sababu hawakusoma. Katika Marekani kwenyewe, kampuni ya Microsoft ilifungua mwaka 2007 mahali pa watu kuweka kumbukumbu zao za afya, pakaitwa HealthVault. Mwaka uliofuata kampuni ya Google ikafungua pake. Hizi ni kampuni ambazo hazikupungukiwa na fedha wala mafundi, na wateja wao walikuwa na kompyuta majumbani na kisomo cha kutosha. Hata hivyo Google ilifunga duka lake mwanzoni mwa 2012, na HealthVault ikafungwa 2019.

Kwa nini? Kwa sababu mtu mzima wa afya alitakiwa akae aandike mwenyewe habari za magonjwa yake, chanjo zake na dawa zake, na hospitali nyingi hazikuleta zao. Aliyeandika leo hakuona faida leo. Faida ilikuwa ni ya siku asiyoijua, na binadamu ameumbwa mwepesi wa kusahau maradhi akiwa mzima. Linganisha na jambo tulilolishuhudia hapa kwetu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, haikuchukua muda ikawa mikononi mwa makuli, wavuvi na mama ntilie. Si kwamba watu hao waliielewa kompyuta kuliko Wamarekani. Ni kwamba mtu alituma pesa kutoka Mombasa asubuhi, na mamake akazitoa Kalamba kabla ya adhuhuri. Faida ilionekana siku ile ile, na kila mmoja alipata ujumbe wake katika simu yake, wenye hesabu yake.

Hali kadhalika katika siku za Korona. Mwaka 2021 Wakenya waliingia kwa wingi katika mtandao wa Wizara ya Afya kuchukua vyeti vyao vya chanjo, maana bila cheti safari ilikuwa ngumu. Mahujaji wetu wanalijua jambo hilo tangu zamani: kile kitabu cha njano cha chanjo hutunzwa pamoja na pasipoti, kwa sababu asiyekuwa nacho hatafika Makka. Basi watu hawana uhasama na kumbukumbu za afya. Wao huzikimbilia zinapowafungulia mlango.

Na wapo waliofaulu. Nchi ndogo ya Estonia ilianza mwaka 2008 kuziweka kumbukumbu za wananchi wake pamoja, na mwananchi anaweza kuingia akasoma zake, tena akaona ni nani aliyezifungua na lini. Daktari akichungulia faili la jirani yake bila sababu, mwenye faili anamwona. Jamaa zetu walioko Oman nao wanaifahamu Al Shifa, mpango wa kompyuta uliomo katika hospitali za serikali ya huko kwa miaka mingi. Hata hapa Kenya mambo haya si mapya. Katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kumbukumbu za wagonjwa zilianza kutiwa katika kompyuta mwaka 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, na mbegu ya kazi hiyo ndiyo iliyozaa programu inayotumika leo katika nchi nyingi. Kwa hiyo ufundi tunao. Tulichokosa ni adabu ya kumrudishia mgonjwa kilicho chake.

Kuandika ni Ibada, Kutunza ni Amana

Sisi Waislamu tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo imo katika Suratul Baqara, haizungumzii vita wala mirathi. Inazungumzia kuandika. Inaamrisha deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Na jambo la ajabu kwa mwenye kuzingatia ni kwamba mwenye kusema la kuandikwa ni yule ambaye haki iko juu yake. Mwandishi hajiandikii tu apendavyo. Na ikiwa mtu huyo ni dhaifu au hawezi kusema, basi walii wake humsemea kwa uadilifu. Masheikh wataifafanua aya hiyo kwa upana wake, lakini hata mtu wa kawaida anaona adabu iliyomo: maandishi yanayomhusu mtu hayafanywi nyuma ya mgongo wake.

Matabibu wa Kiislamu nao walikuwa na desturi ya kuandika. Al-Razi, aliyekufa katika karne ya 10, aliandika habari za wagonjwa wake kwa wingi hivi kwamba wanafunzi wake waliyakusanya maandishi yake baada ya kifo chake yakawa kitabu kikubwa kilichosomwa Ulaya kwa karne nyingi. Ishaq bin Ali al-Ruhawi naye aliandika juu ya adabu za tabibu, na mojawapo ya mambo aliyoyataja ni kuandikwa kwa hali ya mgonjwa na dawa aliyopewa, ili ikitokea shaka, matabibu wengine wapate kuihukumu kazi ya mwenzao. Kumbukumbu, kwa fikira hiyo, zilimlinda mgonjwa mbele ya daktari. Leo kumbukumbu zinaelekea kumlinda daktari, na hospitali, na mwenye bima, huku mgonjwa akiwa wa mwisho kuziona.

Mafunzo ya dini yetu juu ya sitara yanajulikana na kila aliyekaa chuoni. Siri ya mtu ni amana, na amana hairithiwi, haiuzwi, wala haikopeshwi bila idhini. Sasa isome Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Inasema mengi mema juu ya kulinda siri za mgonjwa. Lakini katika misingi yake inazitaja habari za afya kuwa ni rasilimali muhimu ya taifa. Maneno haya mawili, rasilimali na amana, hayalali kitanda kimoja. Rasilimali huchimbwa, hupimwa bei na huwekewa mikataba. Amana hutunzwa mpaka mwenyewe aitake.

Hofu Hii Si Ujinga

Wako maofisa ambao mwananchi akisita kutoa habari zake humwita mshamba. Hawamtendei haki. Februari 2015 serikali iliamuru ikusanywe orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, pamoja na wazazi wao na kina mama waja wazito. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, yaani kupanga matibabu. Lakini watetezi wa haki walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba amri ile ilivunja Katiba. Mama wa Kitui au wa Likoni aliyesikia habari ile redioni, unadhani atasahau? Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenziwe, jina moja likivuja ndoa huvunjika na mtoto hutengwa darasani.

Mambo ya karibuni hayakupunguza wasiwasi huo. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza katika ripoti yake kwamba mtambo wa kompyuta unaoendesha mpango mpya wa afya, wenye gharama ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali, bali uko mikononi mwa waliouleta. Desemba mwaka huo huo Kenya ilitia sahihi mapatano ya afya na Marekani, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikazuia kwa muda sehemu inayohusu kupeleka habari za wagonjwa nje. Kesi ni kesi, na mahakama ina kazi yake. Lakini mwananchi ana haki ya kuuliza: ikiwa serikali yenyewe si mwenye mtambo, na habari zangu zinaweza kutajwa katika mapatano na dola nyingine, mimi mwenye kuumwa nimeulizwa wapi?

Wengine watasema kwamba siri ni anasa ya wazima. Mwanamke anayetokwa na damu katika chumba cha uzazi, watasema, hahitaji falsafa, anahitaji daktari ajue kundi la damu yake. Neno hili ni kweli, tena lisipuuzwe. Daftari nalo linaua. Huloa mvua, huliwa na mchwa, hubaki nyumbani siku mtu anapoanguka njiani. Mgonjwa wa kifua kikuu anayehama kutoka Kalamba kuja Mombasa bila karatasi zake anaweza kuanzishiwa dawa upya, au asianzishiwe kabisa. Mwenye sukari anayetaka kufunga Ramadhani anahitaji daktari atazame vipimo vyake vya miezi iliyopita kabla ya kumwambia funga au usifunge, na vipimo hivyo mara nyingi havipatikani. Wala hatuombi kurudi nyuma. Lakini siri na matibabu si maadui. Mgonjwa anayeogopa kwamba neno lake litavuja hulificha, na daktari aliyefichwa hutibu ugonjwa usiokuwepo. Kulinda siri ni sehemu ya dawa.

Simu ni ya Nani?

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji walioko mijini hulisahau. Wanapanga kana kwamba kila mtu ana simu yake, peke yake, yenye chaji na mtandao. Katika nyumba nyingi, Kalamba na pwani pia, simu nzuri ni moja. Mara nyingine iko kwa mume, na mara nyingine kwa mjukuu aliyerudi likizo. Namba ya siri ya bibi anaijua mjukuu, kwa sababu bibi hasomi Kiingereza. Basi kumbukumbu za bibi zimekuwa za mjukuu. Mke anayekwenda kliniki kuzungumza habari za kupanga uzazi, ujumbe wake ukiingia katika simu ya mumewe, umeingia mikononi mwa nani?

Vidole navyo ni habari nyingine. Tunaambiwa kidole ndicho ufunguo, maana hakipotei. Kweli hakipotei, lakini kidole kilicholima nusu karne, au kilichovuta nyavu na kusuka makuti, husuguka hata mashine ikashindwa kukisoma. Na mtandao ukikatika, kama ulivyolalamikiwa nchi nzima mpango huu ulipoanza, mgonjwa hawezi kuambiwa arudi kesho. Daftari halikatiki mtandao.

Na lugha je? Kijitabu cha mama chenyewe, kwa sehemu kubwa, kimeandikwa kwa Kiingereza. Mama hukitunza bila kukisoma. Ikiwa tutahamisha Kiingereza hicho kutoka katika karatasi na kukitia katika kioo cha simu, tutakuwa tumebadilisha chombo tu.

La Kufanya

Basi yafaa nini? Kwanza, kila kinachoandikwa juu ya mgonjwa apewe nakala yake papo hapo. Mwenye simu apate katika simu, na asiyekuwa nayo apate karatasi. Mashine ya kuchapa risiti iko katika kila duka kubwa, haishindikani kuwa katika kituo cha afya. Karatasi hiyo bibi ataibandika katika daftari lake, na mtandao ukikatika, ataonyesha. Kompyuta na daftari ziishi pamoja kwa miaka mingi, wala kimoja kisilazimishwe kumwua mwenzake.

Pili, maandishi yawe kwa Kiswahili, na huko Ukambani kwa Kikamba kwa atakaye, kwa maneno ambayo mtu wa sokoni anayaelewa. “Shinikizo la damu limepanda, punguza chumvi, rudi baada ya wiki mbili” ni dawa kwa anayeweza kuyasoma.

Tatu, mgonjwa aonyeshwe ni nani aliyelifungua faili lake. Estonia imeweza. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 imekwisha kuhesabu habari za afya kuwa ni habari nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee, na iko ofisi ya kamishna wa kuisimamia. Basi haki hiyo itoke katika vitabu iingie mkononi mwa mtu.

Nne, yawepo mambo ambayo mgonjwa anaweza kuyafunga kwa kufuli ya pili, yasifunguliwe ila kwa idhini yake au kwa dharura ya kuokoa roho, na dharura hiyo iandikwe. Na asiyeweza kujisimamia mwenyewe, achague walii wake kwa hiari, kwa jina, mbele ya shahidi, badala ya kuachiwa yeyote aliyeshika simu.

Tano, faida ionekane siku ile ile. Mgonjwa aliyepimwa damu Wote jana asipimwe tena Mombasa leo na kulipishwa mara ya pili. Siku mzee wa Kalamba atakapofika hospitali ya Makadara akakuta dawa yake inajulikana, hatahitaji kampeni. Atawapigia simu jirani zake mwenyewe, nao watajiandikisha.

Haya hayahitaji mabilioni mengine. Yanahitaji maofisa wakubali kwamba wao ni waandishi na watunzaji, na kwamba mwenye mali yuko pale kwenye benchi la kusubiri, na kikohozi chake na kadi yake. Na sisi tulio kwenye benchi tusikae kimya. Mhudumu akija nyumbani na simu yake, mkaribishe, mpe maji, akupime. Kisha akimaliza kuandika, mwambie kwa upole: nisomee ulichoandika, na unipe nakala yangu. Wakiulizwa hivyo katika kila nyumba, kuanzia Kalamba mpaka Vanga, hakuna mtambo wa bilioni 104 utakaoweza kusahau kwamba damu iliyopimwa ina mwenyewe.